Mnabishania Nini Hasa?

Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, nyumbani kwa shangazi yangu Tanga, futari ilikwisha kuliwa na vikombe vya chai ya tangawizi vilikuwa bado mkekani. Redio ilikuwa imewashwa tangu magharibi. Binamu yangu, aliyewahi kufanya kazi Muscat kwa miaka kadhaa, alikuwa na simu mkononi. Akasema Saudia wameshatangaza, kesho ni Idi. Baba mkubwa, mzee wa miaka sabini na ushei, akasema yeye anasubiri tangazo la Mufti wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania, na mpaka saa ile hajasikia mtu hata mmoja aliyeuona mwezi nchini.

"Mjomba, mwezi ni mmoja," binamu akajibu. "Hakuna mwezi wa BAKWATA na mwezi wa Makka."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini. "Wewe dini umeijua lini?"

Hapo mjadala ukafa, ukabaki ugomvi. Binamu akasema wazee hawataki kuelimika. Baba mkubwa akakumbusha nani alimshika mkono kumpeleka chuoni kusoma Qurani akiwa na miaka sita. Sisi wengine tukainamisha vichwa, kama wanavyofanya watu waliokaa katikati ya jamaa wawili wanaorushiana maneno. Shangazi akatoka jikoni na sufuria ya nyama mkononi.

"Niambieni," akasema. "Yuko hapa anayesema mwezi umeonekana Tanga?"

Kimya.

"Yuko anayesema Saudia hawakutangaza?"

Kimya tena.

"Basi mnabishania nini hasa? Mimi nyama yangu naitia viungo usiku huu au naiacha?"

Nimelifikiria swali lile kwa miaka. Wanazuoni wa fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, wana jina la kazi aliyoifanya shangazi: tahriri mahali niza, yaani kubainisha mahali penyewe pa mzozo. Mwanafunzi anayesoma kwa mashekhe hufundishwa kwamba kabla ya kuleta aya, hadithi au kauli ya imamu yeyote, aseme kwanza: hapa tunakubaliana, na hapa pia tunakubaliana, na hapa, hapa tu, ndipo tunapopishana. Shangazi hakusoma fiqhi. Alikuwa na kilo tatu za nyama na hakutaka ziharibike. Lakini kwa maswali mawili alionyesha kwamba watu wale walikuwa wakipigana juu ya jambo wanalokubaliana. Wote walijua mwezi haukuonekana kwetu. Wote walijua umetangazwa kwingine. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja chembamba: mwezi ulioonekana mbali unatulazimu sisi au hautulazimu? Swali hilo wanazuoni wamelijadili zaidi ya miaka elfu moja, na linaweza kuzungumzwa bila mtu kuulizwa ameijua dini lini.

Naamini sehemu kubwa ya ugomvi wetu majumbani, makazini na vijiweni inatokana na watu kujibu swali ambalo mwenzao hakuliuliza. Ndiyo maana nataka kulichambua jambo hili polepole, na nitakaa na mfano wa mwezi kwa sababu naujua na kwa sababu umegawa familia nyingi ninazozipenda.

Kiswahili chetu kina ngazi nzima ya maneno kwa ajili ya kupishana kauli: mazungumzo, majadiliano, mdahalo, mabishano, malumbano, ubishi, mzozo, ugomvi. Mtu aliyelelewa ndani ya lugha anasikia joto likipanda neno baada ya neno. Mjadala huwa na kitu katikati, jambo lililowekwa mbele za watu ili lipimwe. Katika ubishi jambo hilo limeshaondoka, wamebaki watu wawili wanatazamana. Tunaposema "huyu ni mbishi" tunataja tabia ya mtu, na hakuna anayeuliza anabisha nini. Nimewahi kuona vijana wenye maswali mazuri kabisa wakipewa jina hilo wakiwa wadogo, na wakaacha kuuliza.

Siku hizi shuleni kuna majina mapya. Tanzania wanasema tafakuri tunduizi, na katika mtaala wa umilisi wa Kenya imeandikwa uwazaji kina. Nayapenda yote mawili. Kutunduia ni kukodolea macho kitu kisichojitokeza mara moja, kama watu wanavyoutafuta mwezi mwandamo juu ya upeo. Na kina ni cha maji, hukijui kwa kusimama ufukoni. Lakini majina hayo hufundishwa kama kazi ya mtu mmoja na daftari lake. Kufikiri pamoja na mtu mwingine, hasa mtu unayempenda au unayemheshimu au unayemwogopa, ni kazi nyingine.

Turudi mkekani.

Ndani ya ubishi wa mwezi kulikuwa na mambo kadhaa yaliyofungwa fundo moja, na la kwanza lilikuwa la kupimika. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa wa siku 29 au 30. Mwishoni mwa mwezi, mwezi hupita kati ya dunia na jua, na upande wake wenye nuru unakuwa umetupa kisogo. Saa zinavyopita unajitenga na jua kidogo kidogo, mpaka jioni moja, jua likishatua, uzi mwembamba unaonekana upande wa magharibi kwa dakika chache. Mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 hivi hauonekani kwa macho matupu, hata anga iwe safi namna gani. Na kwa kuwa jua huchelewa kutua kadiri unavyokwenda magharibi, mwezi unakuwa umepata saa zaidi za kukua, hivyo jioni ileile ambayo Tanga hauonekani, Moroko unaweza kuonekana.

Haya hayana dhehebu. Na katika haya, pande zote mbili za mkeka zilikuwa na makosa. Baba mkubwa alisema hatuwezi kuwafuata Saudia kwa sababu saa zao na zetu ni tofauti. Si kweli. Makka iko karibu nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa nyuzi 39.7, Tanga nyuzi 39.1. Saa ya ukutani ya Makka na saa ya ukutani ya Tanga ni moja. Kinachotutenga ni kaskazini na kusini: wao wako nyuzi 21 juu ya ikweta, sisi nyuzi 5 chini yake, na hilo hubadilisha wakati wa magharibi kwa majira, na hubadilisha pia namna mwezi unavyolala juu ya upeo.

Binamu naye alisema Saudia wanatumia hesabu za kisayansi, kwa hiyo hawawezi kukosea. Hapo pia pana mkanganyiko. Saudia wana kalenda ya Umm al-Qura inayopangwa kwa hesabu, nayo ni ya shughuli za kawaida za serikali. Ramadhani na Idi zikifika, Mahakama yao ya Juu huwaomba watu wautafute mwezi na hupokea ushahidi wa walioona. Anayewafuata kwa ajili ya hesabu anawafuata kwa jambo ambalo jioni hiyo wao wenyewe hawalitegemei.

Jambo la kupimika halibishaniwi, linapimwa. Ila namna ya kulipima ina adabu yake. Sikumwambia baba mkubwa kwamba amekosea. Nilifungua ramani kwenye simu nikasema, "Baba, hebu tuiangalie Makka iko wapi." Akaishika simu, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akafuata mstari kwa kidole kutoka Tanga kwenda juu, akapita Mombasa, akapita Ethiopia, akavuka Bahari ya Shamu. "Kumbe tuko mstari mmoja," akasema mwenyewe. Lau ningemsomea mimi, mbele ya mpwa wake aliyemkasirisha, ingebidi aitetee kauli yake. Ramani ilimsahihisha bila kumwaibisha.

Fundo la pili lilikuwa maana ya maneno. Mtume amesema fungeni kwa kuuona mwezi na fungueni kwa kuuona. Wote mkekani waliijua hadithi hiyo kwa moyo, na kila mmoja aliisoma dhidi ya mwenzake. Lakini ni nani hao wanaoambiwa "fungeni"? Ni Waislamu wote duniani kwa mkupuo mmoja, kiasi kwamba akiona mmoja wameona wote? Au ni watu wa kila mji kwa mwezi wao? Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameelekea maana ya kwanza. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo pwani yetu imesomeshwa kwa karne nyingi, kauli yenye nguvu ni kwamba nchi zenye matlai tofauti, yaani zisizochomozewa na mwezi kwa pamoja, kila moja ina mwezi wake.

Hoja yao kubwa ni kisa kilichomo katika Sahihi Muslim, kimoja cha vitabu vikuu vya hadithi, nami nakileta hapa kwa sababu ni somo la namna ya kuhoji. Kurayb alitumwa Sham, yaani upande wa Syria ya leo, kwa Muawiya, mtawala wa huko. Ramadhani ikamkuta huko, na mwezi ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas, binamu wa Mtume na mwanazuoni mkubwa, akamuuliza: mliuona mwezi lini? Akajibu: usiku wa kuamkia Ijumaa. Ibn Abbas akauliza tena: wewe mwenyewe uliuona? Akajibu: ndiyo, na watu waliuona, wakafunga, na Muawiya akafunga. Ibn Abbas akasema: lakini sisi tuliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, basi tutaendelea kufunga mpaka tukamilishe thelathini au tuuone. Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya na kufunga kwake hakutoshi. Akajibu: hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Tazama mpangilio wake. Kwanza Ibn Abbas aliuliza kilichotokea. Kisha akauliza msemaji amekijuaje, ameona kwa macho yake au amesikia. Majibu yote mawili aliyakubali, hakuna mahali alipomwambia Kurayb kwamba watu wa Sham wamedanganya au wameona wingu. Ndipo akatoa msimamo wake na akasema umetoka wapi. Kurayb naye akapewa nafasi ya kuuliza tena. Wasiokubaliana na msimamo huo, nao ni wanazuoni wakubwa, husema hayo yalikuwa ufahamu wa Ibn Abbas mwenyewe juu ya amri ile ya jumla. Hata wao hawana haja ya kukikanusha kisa.

Fundo la tatu ni nani mwenye kuamua. Mufti kwetu, Kadhi Mkuu kwa wenzetu Kenya, au kila mtu na simu yake? Hili halihusu anga tena, linahusu namna watu wa mji mmoja wanavyoishi pamoja. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba mwezi wa mbali unatosha na bado akaona ni vizuri afunge na kufungua pamoja na jirani zake. Mwingine akaona kinyume. Kwa kuwa tulikuwa hatujalitenganisha na fundo la pili, kila binamu aliposema "dalili", yaani ushahidi wa aya au hadithi, baba mkubwa alisikia "simtambui Mufti", na kila baba mkubwa aliposema "Mufti", binamu alisikia "usifikiri".

La nne ndilo lililochoma zaidi, na halikuwa na uhusiano wowote na mwezi. Kijana aliyesafiri amerudi na anajua mambo ambayo mzee hayajui. Mzee aliyemlea anajiuliza kama bado ana nafasi. Swali "wewe dini umeijua lini" lilitoka huko. Jambo la namna hii huwezi kulijibu kwa ramani. Unaweza tu kulisikia na kulipa haki yake, na mara nyingi neno moja linatosha. Binamu baadaye alisema, "Mjomba, hiyo hadithi ninayokusomea umenifundisha wewe." Nilimwona mzee akilegeza mabega.

Mafundo yakishafunguliwa, maswali magumu yanaweza kuulizwa, na usiku ule yaliulizwa mawili mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia juu ya jambo hili. La kwanza lilitoka kwa baba mkubwa: "Mjomba, ulipokuwa Muscat, mwaka ambao Oman walitofautiana na Saudia, wewe ulifunga na nani?" Oman wanapakana na Saudia, na wana kamati yao ya mwezi, na si mara moja wala mbili wamekuwa nyuma kwa siku. Binamu akafikiri. "Nilifunga na watu wa pale," akasema. Hakuongeza kitu kwa muda. Kisha akauliza la kwake: "Na mwezi ukionekana Kigoma, Mjomba, sisi Tanga tunafunga?" Baba mkubwa akasema tunafunga. "Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mombasa hazifiki 200. Wakiuona Mombasa na Kigoma hawakuuona, kwa nini tuwaache wa Mombasa? Mpaka wa Kenya na Tanzania uliwekwa na wakoloni. Mwezi unaujuaje?"

Baba mkubwa alicheka kwa sauti. Hakuwa na jibu na alisema hana. Kila mmoja alikuwa amegusa sehemu dhaifu ya msimamo wa mwenzake, na hakuna aliyeondoka. Maswali hayo mawili yalikuwa makali kuliko matusi yote yaliyotangulia, lakini kila moja lilimchukua mwenzake kama mtu mwenye akili anayeweza kulijibu. Lilimhoji ndani ya msimamo wake mwenyewe: ukiamini hivi, hapa unafanyaje? Linganisha na ile kauli yetu mbaya, "kwa hiyo unataka kusema..." Ukiisikia hiyo, jiandae. Kinachofuata karibu kila mara ni kitu ambacho mtu hakukisema, na muda wake wote uliobaki atautumia kukikana.

Wahenga wetu wa pwani walikuwa na chombo kizuri cha kuzuia jambo hilo, nacho ni kujibizana kwa mashairi. Mombasa ya Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, ilipigana kwa tungo na Lamu na Unguja, na tungo hizo zilikuwa na makali. Kwa desturi ya kujibizana, anayejibu hufuata bahari ya aliyeanza, na mara nyingi vina vyake na mizani yake pia. Maana yake huwezi kujibu ushairi ambao hukuusikia vizuri. Lazima ukae nao, uurudie kichwani, ujue mshororo wa mwisho umeishia wapi, ndipo utunge wako. Mpaka jibu liwe tayari, hasira ya kwanza imeshapoa na maneno ya mpinzani yamekwisha kuingia kinywani mwako. Sisi tusiotunga tunaweza kufanya jambo dogo lenye kazi hiyohiyo: kumrudishia mtu kauli yake mpaka aseme "naam, ndivyo nilivyosema", kisha ndipo tujibu. Lijaribu siku moja na mtu unayemuona hana akili. Utashangaa ni mara ngapi atakuambia, "Hapana, sikusema hivyo."

Midahalo ya shule ilinifunza mengi, na nawashukuru walimu walioisimamia. "Elimu ni bora kuliko mali." Upande wa watetezi huku, upande wa wapinzani kule, na mara nyingi ulipangiwa upande bila kuulizwa unaamini nini. Hilo la kutetea usichokiamini ni zoezi zuri mno, kwa sababu linakulazimisha uzitafute hoja za mwenzako. Kilichokosekana ni nafasi ya mtoto kusimama katikati ya mdahalo akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, hapo amenishinda, nimebadili mawazo." Hakuna alama za hilo. Tukakua tukijua kwamba kubadili mawazo mbele za watu ni kushindwa, na tumeuchukua ujuzi huo hadi kwenye ndoa zetu na vikao vya mirathi.

Fundo la kupimika kuchanganywa na fundo la kuamua halipo kwenye mambo ya dini peke yake. Mwaka 1991 Tanzania iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iulize wananchi kama nchi iendelee na chama kimoja au iingie vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja, karibu asilimia 20 wakasema vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mpaka leo utasikia watu wakibishana: mmoja anasema wananchi walipuuzwa, mwingine anasema tume ilikuwa na hekima. Wakifikia kupandishiana sauti, mara nyingi mmoja anarudia namba na mwingine anarudia matokeo, kana kwamba mwenzake anaikana mojawapo.

Namba hazina ubishi. Swali la kwanza la mtu anayetunduia ni kilichomo ndani ya namba: hao 80 walitaka chama kimoja kilekile kama kilivyo? Wengi wao walikuwa na madai ya mabadiliko ndani yake, kwa hiyo kuwahesabu wote kama walioridhika ni kuwapunja. Swali la pili liko mbali na hesabu kabisa. Katika haki ya kujiunga na chama unachokitaka, wengi wana uwezo wa kuwakatalia wachache? Mtu anaweza kujibu ndiyo au hapana akiwa na akili timamu, na namba yoyote utakayomtajia haitalitatua swali hilo. Ukimrushia asilimia 80 mtu anayezungumzia haki, atakuona hukumsikia, na atakuwa sahihi.

Kuna jambo linalonisumbua katika mazungumzo yote ya "kujadiliana kwa amani", nami sitaki kulipita. Amani nyingi za kwetu ni ukimya wa mdogo mbele ya mkubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mtoto anaambiwa, na mara nyingi anaambiwa wakati ambao ameuliza swali la haki. Mke ananyamaza mbele ya wakwe. Mfanyakazi mpya anaona kosa kwenye hesabu za mkuu wake, anafunga faili. Hapo hakuna msuguano, na hakuna kufikiri pia. Kosa linabaki palepale na litalipwa na mtu, kwa kawaida aliyenyamaza.

Heshima haimtaki mdogo afunge mdomo, inamtaka achague mahali na namna. Tunayo njia ya zamani ya kumvuta mtu kando. Jambo ambalo mzee hawezi kulimeza mbele ya watu kumi atalimeza akiwa na wewe mnatembea kuelekea msikitini au mmekaa wawili kibarazani. Tunayo pia njia ya kuuliza badala ya kutangaza: "Baba, nisaidie hapa, sijaelewa." Wengine huiona kama unafiki. Inakuwa unafiki ikiwa umeshaamua na unamtega. Ukiuliza huku ukiwa tayari kujibiwa, ni ukweli mtupu, kwa sababu mara nyingi kuna kitu mzee anakijua ambacho wewe hukukiona. Kuuliza si ujinga.

Na wapo ambao kwao hakuna namna itakayofaa. Anayetetea shamba alilolidhulumu anaelewa vizuri sana, kwa hiyo kumfafanulia hakutamsogeza. Huyo humfuati na maswali laini, unamfuata na mashahidi, mbele ya baraza la wazee au baraza la ardhi, na msuguano utakuwepo na uwepo. Nalisema hili kwa sababu nimeona wanyonge wakishauriwa "wazungumze vizuri" na mtu anayewala.

Lakini kwa wengi wetu, kwa siku nyingi, tuliye naye mbele ni mtu tutakayekula naye kesho. Yunus as-Sadafi, mwanafunzi wa Imam Shafi, amesimulia kwamba siku moja walijadiliana juu ya suala fulani wakaachana bila kukubaliana. Walipokutana tena, Imam alimshika mkono akamwambia: ewe Abu Musa, haifai tukawa ndugu hata kama hatukukubaliana katika suala? Imam Shafi alifariki Misri mwaka 820, na madhehebu yake ndiyo yaliyotugawa mkekani usiku ule. Ule mkono ndio ambao watu husahau kuusimulia wanapotaja rai zake.

Shangazi aliigawa nyama. Nusu aliitia viungo usiku uleule, nusu akairudisha kwenye friji. Asubuhi binamu alivaa kanzu akaenda kuswali Idi na wenzake, akarudi akala pilau nyumbani kwake, mlango umerudishwa, ili asiwatamanishe waliofunga. Saa nne hivi baba mkubwa alipita, fimbo mkononi, midomo mikavu, akasimama nje ya mlango ule akabisha hodi.

"Idi njema, Mjomba," akasema. "Mimi kesho."

Mwaka uliofuata, alasiri ya tarehe 29, simu ya binamu ililia kabla hata ya adhana ya magharibi. Alikuwa ni baba mkubwa, anataka kujua mwezi leo utakuwa na saa ngapi jua likitua.